Namna ya kuufanya ugumu wa mazoezi ya mapigano ukukuze

Watu wengi huanza judo, karate, taekwondo au ndondi wakiwa wameahidiwa kwamba mazoezi yatawapa nidhamu, ujasiri na utulivu wa moyo. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila imekatwa katikati. Mkanda haumpi mtu ujasiri, na kurudia teke lile lile mara elfu hakumfundishi mtu kutulia anapotukanwa. Nimeshuhudia waliofanya mazoezi kwa miaka kumi wakatoka na hasira zile zile walizoingia nazo, na nimeshuhudia wengine ambao miezi sita ilitosha kubadilisha hata namna wanavyoingia chumbani na kusalimia. Hao wa pili walikuwa na tabia moja: waliuchagua ugumu wao mapema, wakaupima, wakauingia, kisha wakarudi kuuchunguza wakiwa wametulia. Wa kwanza walisubiri ugumu uwaangukie, na ulipowaangukia wakauvumilia, wakaenda zao nyumbani.

Maelezo yanayofuata yanamlenga mtu mzima anayejifunza chini ya mwalimu, awe na mkanda mweupe wa anayeanza au awe amekwisha kuvuka rangi kadhaa za madaraja ya juu zaidi. Hayachukui nafasi ya mwalimu huyo, na pale atakaposema tofauti kuhusu mwili wako, msikilize yeye.

Jua kwanza unachokikwepa

Kila mwanafunzi ana kitu anachokikwepa, na mara nyingi hajui kwamba anakikwepa, kwa sababu mwili ni mjanja kuliko ulimi. Anayeogopa kuanguka hunyoosha mikono ikawa migumu kama vijiti, akainama kiunoni ili asikaribiwe. Anayeogopa kupigwa usoni hurudi nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka mgongo uguse ukuta. Anayeogopa kuonekana hajui hupata shughuli kila wakati wa kuchagua mwenza unapofika: anakunywa maji, anafuta jasho, anafunga mkanda upya.

Mimi nilikuwa wa mkanda. Kwa karibu miezi minne, kila mwalimu aliposema tutafute wenza wa pambano, niliinama kuufungua na kuufunga mkanda wangu mpaka mwenzetu mmoja mwenye miguu mirefu, ambaye teke lake lilikuwa likinifikia kabla sijaona nyonga yake ikigeuka, awe amekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Nilijiambia kwamba kitambaa ni kipya na fundo halikai. Siku moja mwalimu alikuja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama ningependa anifungie yeye. Hakucheka, na hakuna aliyecheka, lakini nilielewa kwamba ukumbi mzima ulikuwa unajua jambo ambalo mimi peke yangu nilikuwa silijui.

Ili usifike hapo, weka daftari dogo ndani ya mfuko wako wa mazoezi na uliandike kabla hujavua sare, maana njiani kuelekea nyumbani kumbukumbu huanza kujipamba. Andika majina ya uliofanya nao mazoezi na, muhimu zaidi, majina ya ambao hukufanya nao. Andika ni wakati gani pumzi yako ilikatika. Andika mbinu uliyoikimbilia ulipobanwa, kwa sababu mbinu ya kukimbilia ndiyo inayoficha pengo. Baada ya vipindi sita hivi, fungua kurasa hizo na uzisome kwa mkupuo mmoja. Jina ambalo halipo popote, au hali ambayo pumzi imekatika mara nne kati ya sita, ndilo somo lako la miezi miwili ijayo. Chagua moja tu. Mtu anayeamua kurekebisha hofu ya kuanguka, udhaifu wa mguu wa kushoto na hasira zake kwa pamoja hamalizi hata wiki ya pili.

Kuanguka ni mtihani wa kwanza, nao una ngazi

Kama huna uhakika wa kuanzia, anzia kwenye kuanguka, hata kama mchezo wako ni wa ngumi na mateke. Wajapani huita stadi hii ukemi, na hakuna zoezi linaloonyesha kwa uwazi zaidi namna hofu inavyovunjwa kipande kwa kipande.

Kwa kuanguka kinyumenyume, chuchumaa, vuka mikono mbele ya kifua, bana kidevu kifuani na ulitazame fundo la mkanda wako. Kaa chini karibu kabisa na visigino, kisha viringika kwa mgongo uliopindwa kama kitako cha mtumbwi. Mgongo unapogusa mkeka, mikono yote miwili inaupiga mkeka kwa wakati mmoja, viganja vikitazama chini, ikiwa imeachana na mwili kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Pumzi inatoka kwa sauti. Kichwa hakigusi chochote, na ndiyo maana macho hayaruhusiwi kuliacha fundo la mkanda: ukitazama dari, shingo inalegea na kisogo kinaufuata mkeka. Kosa kubwa la anayeanza ni kupeleka mkono nyuma ili ajizuie. Mkono ulionyooka namna hiyo hubeba uzito wa mwili wote kwenye kifundo na kiwiko, na huko ndiko watu wanakoumia vibaya.

Sasa tazama mpangilio wa ngazi. Kwanza unaupiga mkeka ukiwa tayari umelala chali. Kisha unaanguka ukiwa umekaa, halafu ukiwa umechuchumaa, halafu ukiwa umesimama. Baada ya hapo mwenza anakusukuma taratibu, na mwisho anakutupa kweli. Usipande ngazi kwa sababu wenzako wamepanda. Panda pale utakapokuwa umeanguka mara kumi mfululizo bila pumzi kukwama na bila kukaza shingo. Ukifika kwenye ngazi ambayo mwili unagoma, shuka ngazi moja, fanya mara tano, upande tena siku hiyo hiyo kabla hujaenda nyumbani. Jambo hili la kutomaliza kipindi ukiwa umekimbia ngazi nimelijaribu mara nyingi na ninaliamini: hofu inayoachwa usiku mmoja hurudi ikiwa imenenepa.

Wengine huiona hatua hii kuwa ya watoto. Waache. Mtu aliyejua kuanguka hushambulia kwa uhuru zaidi, kwa kuwa hapotezi nusu ya akili yake akililinda jambo ambalo halimtishi tena.

Pima ugumu kabla ya kuuingia

Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mtu mdogo wa umbo aliyewahi kuonewa na wenzake shuleni, na huko ndiko hamu yake ya kujifunza jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, ilikotoka. Alipounda mtindo wake alifanya uamuzi ambao bado una somo kwa kila mwanafunzi wa mchezo wowote wa mapigano. Mbinu zilizo hatari mno, yakiwemo mapigo, alizihifadhi katika kata, yaani miondoko iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa ajili ya randori, yaani pambano huru la mazoezi, alibakiza zile ambazo watu wawili wangeweza kuzitumia kwa nguvu zao zote leo na bado wakarudi kesho. Watu waliokuwa wakipambana hivyo kila siku walijifunza haraka kuliko waliokuwa wakihofia kuvunjana viungo. Hiyo ndiyo maana ya kupima: ugumu unaoweza kuurudia kesho una faida kuliko ugumu mkubwa zaidi unaokulaza wiki tatu.

Kipimo changu ni kumbukumbu. Raundi ikiisha, jiulize umekosea wapi. Ukiweza kutaja kosa moja au mawili kwa maneno ya wazi, kwa mfano kwamba ulishika kola kwa kuchelewa au ulivuka miguu ulipokuwa unasogea pembeni, ugumu ulikuwa wa kiasi chake. Ukiwa hukumbuki chochote isipokuwa kelele na jasho, ulikuwa mkubwa mno, na mwili ulikuwa unajiokoa tu. Na ukikumbuka kila kitu kwa raha, huku ukiwa na hamu ya kusimulia, ulikuwa mdogo.

Ugumu ukiwa mdogo, jinyime kitu. Pambana kwa upande wa kushoto pekee, au kataa kutumia mbinu yako unayoitegemea, au anza raundi ukiwa tayari umeshikwa. Ukiwa mkubwa, omba upunguzwe, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, si kwa mwili bali kwa mdomo. Hakuna aibu kumwendea mkubwa wako wa mkanda, ukainama kama desturi ya ukumbi inavyotaka, na kumwambia: "Naomba tucheze kwa nusu ya nguvu, na naomba utumie mateke tu, kwa sababu ninajifunza kuyaona." Ombi la namna hiyo lina mambo mawili ndani yake: linataja kiasi na linataja sababu. Ombi lisilokuwa na sababu husikika kama kulalamika, na mkubwa mwenye haraka atalipuuza.

Katika wiki moja, gawa raundi zako kwa namna ambayo utakutana na wanaokuzidi, wanaolingana nawe na unaowazidi. Wanaokuzidi watakuonyesha mapengo. Mnaolingana mtapimana ukweli. Unaowazidi watakupa nafasi ya kujaribu mbinu mpya ambayo bado haijakomaa. Anayependa kundi moja tu ana jambo analolificha, na si lazima kundi hilo liwe la wanyonge. Wapo wanaojitupa kila siku kwa wenye mikanda myeusi kwa sababu kushindwa na bingwa hakuumizi heshima, wakati kushindwa na mwenzako wa rangi moja kunauma.

Wapo pia wanaovutiwa na mitihani ya kutisha. Katika Kyokushin, mtindo wa karate ulioanzishwa na Oyama Masutatsu, kuna mtihani wa mapambano 100 mfululizo ambao ni wachache waliowahi kuumaliza. Vijana huusikia wakadhani kwamba mafunzo mazuri yanapaswa kufanana nao. Wanasahau kwamba wanaoujaribu wamekwisha kujiandaa kwa miaka mingi na wanajua mapema wanaingia nini. Mfano unaofaa zaidi kwa mtu wa kawaida ni kangeiko, mazoezi ya majira ya baridi ambayo Kodokan, makao ya judo, huyafanya kila Januari alfajiri. Ugumu wake mkubwa ni kuamka na kufika, siku baada ya siku, wakati kitanda kina joto. Mtu yeyote anaweza kujiwekea kangeiko yake: siku kumi mfululizo za kufika kabla ya wote, hata kama kazi ya siku hiyo ni nyepesi.

Ndani ya raundi

Hapa ndipo maelezo yanapokuwa mepesi kuandika na magumu kutenda. Mbele ya mpinzani, mwili wa anayeanza hufanya mambo matatu kwa mpigo: unazuia pumzi, unapandisha mabega kuelekea masikioni, na unakazia macho kitu kimoja, kwa kawaida ngumi ya mbele. Mtu aliye hivyo huchoka ndani ya dakika moja bila hata kuguswa, kisha anadhani tatizo lake ni stamina, anaongeza kukimbia asubuhi, na wiki ijayo anachoka vile vile.

Shughulikia pumzi kwanza, kwa kuwa hayo mengine huifuata. Kabla ya raundi, vuta pumzi kupitia puani na uitoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Rudia mara tatu. Raundi ikianza, jipe sekunde 20 za mwanzo bila lengo lolote isipokuwa kutoa pumzi kila unaposogea, kila unapopiga na kila unapokinga. Kiai, ile sauti inayotolewa pamoja na pigo katika karate, ina kazi nyingi, lakini kwa mwanafunzi mpya kazi yake kubwa ni hiyo: huwezi kupaza sauti huku umeshikilia pumzi. Mabega yatashuka yenyewe baada ya pumzi kutoka. Macho yaweke kwenye eneo la kifua cha juu cha mwenzako, mahali ambapo unaweza kuona mabega na nyonga bila kuchagua kati ya mikono na miguu.

Kuna wakati mmoja ndani ya raundi ambao una uzito kuliko yote, nao ni ule unaofuata baada ya kupigwa vizuri. Uso unawaka moto, na mkono unataka kurudisha. Ujue kwamba mtu huhisi pigo analolipokea kuwa zito kuliko analolitoa kwa nguvu zile zile, kwa hiyo kila mmoja wenu anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba analipiza sawasawa, huku nguvu zikipanda kila mara mpaka zoezi linageuka ugomvi. Kata mnyororo huo kwa kanuni moja ya mwendo: ukipigwa pigo linalokuwasha, chukua hatua moja nje ya umbali wa mapigo, toa pumzi, inua mikono, kisha ingia tena kwa kiasi kile kile cha nguvu mlichokubaliana. Hatua hiyo moja ni zoezi, na inapaswa kufanyiwa mazoezi kama teke linavyofanyiwa. Mwombe mwenza akuguse paji la uso kwa glavu, kidogo tu, na wewe utoke, upumue, urudi. Fanyeni mara ishirini. Utashangaa kuona kwamba hasira inakuja hata kwa mguso ambao umeuomba mwenyewe.

Kugonga, na kinachofuata baada ya kugonga

Methali inasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wengi huitumia kumfariji aliyefungwa. Kwenye mkeka ina maana ya moja kwa moja zaidi: kukubali ni kitendo cha mkono. Katika judo na jujutsu ya Brazili, anayebanwa hugonga mwili wa mwenzake au mkeka angalau mara mbili, au husema kwa sauti, na aliyebana huachia papo hapo. Gonga mapema. Kiwiko kilichonyooshwa kupita mpaka wake hakitoi onyo la pili, na kabali iliyokaa vizuri kwenye mishipa ya shingo inaweza kumpotezea mtu fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Anayesubiri mpaka maumivu yawe makali ili aonekane shujaa hupoteza mazoezi ya mwezi mzima kwa ajili ya sekunde mbili za fahari.

Kugonga peke yake hakumkuzi mtu. Kinachomkuza ni nusu dakika inayofuata, na nusu dakika hiyo karibu kila mtu huitupa kwa kucheka, kuomba radhi, kurekebisha sare au kutoa udhuru kwamba bega lilikuwa linauma tangu jana. Badala yake, mshukuru mwenzako na umwombe mrudi kwenye hali iliyotangulia kabali, siyo kabali yenyewe. Ulishindwa pale mkono wako ulipokaa kwa muda mrefu kifuani mwake, na kabla ya hapo ulipogeuka upande usiofaa, na kabla ya hapo ulipomruhusu ashike kola. Rudini nyuma hatua tatu. Anzeni hapo mara tano kwa kasi ndogo. Usiku, andika katika daftari sentensi moja tu kuhusu hatua ya kwanza kati ya hizo tatu, kwa sababu ndiyo rahisi kuirekebisha na ndiyo ambayo huwa hatuioni.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja na mwenza mmoja, na utagundua kwamba yeye naye amebadilika: ameanza kukueleza mambo ambayo awali aliyaficha. Watu hufungua midomo mbele ya mtu anayeuliza bila kujitetea.

Maumivu yasiyokuza

Misuli kuuma baada ya kazi mpya ni jambo la kawaida; maumivu hayo huanza taratibu, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, uvimbe, ganzi, au kiungo kisichobeba uzito ni habari nyingine, na jibu lake ni kusimama na kutafuta matibabu. Kuhusu kichwa hakuna mjadala: ukipigwa au kuanguka na kisha ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa au kuona ukungu, mazoezi yako ya siku hiyo yamekwisha, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika tano. Nenda kwa daktari, na urudi kwenye mapambano hatua kwa hatua baada ya kuruhusiwa.

Walimu nao watazamwe. Mwalimu mgumu husimamisha raundi mmoja anapoacha kujilinda, hueleza kwa nini zoezi ni gumu, na hujibu swali. Mkatili hucheka mtu anapogonga, huwaachia wenye nguvu wawafanye wapya kuwa mifuko ya kupigia, na huita hali hiyo mila. Nilikaa katika ukumbi wa namna hiyo mwaka mzima nikidhani ninajengwa, na nilichojengeka nacho ni bega bovu na tabia ya kunyamaza. Ukiona dalili hizo, huna deni la kueleza. Chukua mfuko wako uondoke.

Miezi ambayo hakuna kinachosogea

Mfumo wa dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, ulioenea katika michezo ya mapigano ya Kijapani ulianza na Kano, aliyetoa dani ya kwanza kwa wanafunzi wawili mwaka 1883. Rangi nyingi za mikanda kati ya mweupe na mweusi zilikuja baadaye, na zilienea sana Ulaya, ambako walimu waliona kwamba wanafunzi wanahitaji vituo vya karibu zaidi njiani. Nalitaja hili kwa sababu ya mtu anayekata tamaa kwa kukaa na rangi moja mwaka mzima: rangi ni kituo cha safari kilichowekwa kwa ajili ya moyo wako, wala haipimi kila kinachokua ndani yako.

Jiwekee vipimo vingine vinavyoonekana. Hesabu raundi ambazo ulitoa pumzi tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu mara ulizomwendea mwenza uliyekuwa ukimkwepa kabla yeye hajakuita. Ukishindwa mtihani wa mkanda, usiulize siku hiyo hiyo, kwa kuwa hutasikia jibu. Ngoja siku mbili, kisha mwendee mwalimu na umwombe akutajie jambo moja tu la kulifanyia kazi kabla ya mtihani ujao. Atakayekutajia sita, mwombe achague.

Na kama unataka ujasiri huo utoke nje ya ukumbi, uelewe kwamba hauhami wenyewe. Inabidi uubebe kwa mkono. Chagua hali moja ya maisha inayokufanya uzuie pumzi, labda kumwambia mkuu wako wa kazi kwamba hukubaliani naye, labda kusikiliza lawama bila kukatiza, na utumie humo hatua ile ile moja ya kutoka, kupumua na kurudi kwa kiasi kile kile cha sauti. Andika katika daftari lile lile. Mimi nililianza zoezi hili kwenye mazungumzo ya simu, kwa kuwa hapo hakuna aliyeniona nikishusha mabega.

Unapokuwa wewe ndiye ugumu wa mwingine

Baada ya muda, pengine mwaka mmoja, pengine miwili, atakuja mtu mpya ambaye ataanza kufunga mkanda wake kila wewe unapomkaribia. Hapo ndipo kazi yote ya kupima inapokurudia kutoka upande wa pili. Usimwachie ashinde kila kitu, kwa sababu atajua, na usimzime, kwa sababu hatajifunza. Mpe tatizo moja linalotatulika: mwongezee uzito kidogo kidogo kwenye kola mpaka mwili wake utafute njia, na njia ikiwa sahihi, iachie ifanye kazi. Akiingia vibaya, simama tu bila kumwadhibu. Akiingia vizuri, hata kwa bahati, usipinge, nenda naye.

Bana kidevu, tazama fundo la mkanda wako, piga mkeka kwa mkono mzima. Simama, mwinamie, na umpe tena kola ileile.